"I borrow you 2000": nani alimkopesha nani? Kisa cha kitenzi kimoja pale Yiwu

Meseji yenyewe ilikuwa hivi, naiweka kama ilivyoandikwa: "Hello brother, last time I borrow you 2000. New year is coming, I want to finish this. You tell me how." Ilitumwa Januari 2019, jioni ya China, kutoka kwa dada mmoja Mchina anayeuza vibanio vya nywele pale Yiwu kwenda kwa kaka mmoja wa Kariakoo, mteja wake wa mwaka wa tatu sasa. Isome tena taratibu halafu jiulize, hapo nani anamdai nani?

Kaka wa Kariakoo alisoma akafurahi. Kwake ilikuwa wazi kabisa, dada anasema alikopa yuan 2,000, hela ya China, kwake, sasa mwaka mpya wa Kichina unakaribia (mwaka ule uliangukia tarehe 5 Februari) na Wachina hawapendi kuvuka mwaka na madeni, kwa hiyo anataka kulipa na anauliza hela aipitishe wapi. Na alikuwa na sababu ya kuamini hivyo, manake Oktoba alipokuwa kule aliacha advansi ya kartoni kadhaa, kartoni moja ya vibanio vya maua ikakosa rangi aliyoitaka, mzigo ukasafiri bila hiyo, yani kichwani mwake kulikuwa na hela yake imebaki dukani kwa dada, 1,800 na kitu. Mtu mwenye 1,800 yake mahali akiambiwa habari ya 2,000 hawezi kushtuka. Akajibu kwa moyo mweupe: "Thank you sister, no problem. Give my agent, he will keep for me."

Dada naye akasoma hilo jibu akabaki ameshika simu. Yeye anajua fika kwamba Oktoba alitoa noti 20 nyekundu za mia mia akamkabidhi yule kaka mkononi, leo anamkumbusha kwa adabu, na kaka anamshukuru halafu anamwambia ampe wakala. Ampe nini tena? Akanyamaza siku mbili.

Mi naingia hapo. Kipindi hicho nilikuwa nasoma chuo Jinhua, na Yiwu iko ndani ya Jinhua, kwa treni ya haraka haifiki hata nusu saa, wikendi nilikuwa naenda kuwasaidia wafanyabiashara wetu kutafsiri. Kama hujawahi kufika Yiwu ni ngumu kukupa picha, lile soko lina maduka kama 75,000, ni vyumba vidogo vidogo vimepangana korido hadi korido, na upande wa vibanio, hereni na mikufu ya urembo unaweza kutembea siku nzima. Huyo dada tulikuwa na makubaliano yetu, yeye ananinyoosha Kichina na mi namnyoosha Kiingereza, nusu saa nusu saa, wateja wakipungua. Sasa wiki ile nikapata skrinshoti mbili ndani ya saa chache, za mazungumzo yale yale. Ya kaka ilikuja na maneno, "mdogo wangu huyu dada mwaminifu sana, kanikumbuka mwenyewe na hela yangu, ila kaacha kujibu, hebu muulize kama yuko salama." Ya dada ilikuja na sauti, ananiuliza kwa Kichina kwa nini rafiki yako anataka nimkopeshe tena wakati ya kwanza hajarudisha.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Wote wawili walikuwa wamesoma Kiingereza kile kile na kila mmoja alikisoma vizuri kwa sheria za lugha yake.

Nikamwomba dada apandishe chati juu mpaka Oktoba. Tarehe 28 Oktoba 2018, jumapili jioni, maduka yanafungwa, kaka ana dola mfukoni lakini kaunta ya kuchenji imefungwa, kesho asubuhi ana treni ya Guangzhou na bado hajamlipa dereva wa kubeba sampuli. Na wakati ule mgeni bila akaunti ya benki ya China hakuweza kulipa kwa simu, ilikuwa noti au hakuna. Akaandika: "Sister please borrow me 2000, bank is close." Dada akajibu: "OK I borrow you." Baada ya dakika kumi hela ikatoka.

Umeona? Kosa halikuanza kwa Mchina, lilianza kwa Mswahili, na dada akalipokea bila hata kusita kwa sababu kwenye lugha yake sentensi ile imekaa sawa kabisa. Na mwezi wa kumi iliwafaa, maneno yalikuwa mabovu kwa sarufi ya Kiingereza lakini biashara ikaenda bila tatizo, manake pale dukani kila kitu kinaonekana, mmoja ndiye mwenye shida na mwingine ndiye mwenye noti, hata wangetumia ishara za mikono hela ingeelekea upande ule ule. Mwezi wa kwanza ndio sentensi ilibaki peke yake, hakuna duka, hakuna noti, hakuna sura ya mtu mwenye haraka ya treni, kuna maneno tu kwenye skrini, na maneno hayasemi hela ilitoka kwa nani. Hili ndilo ninalotaka watu wanaofundisha walishike, kosa la borrow huwa halionekani wakati wa kuomba, linaonekana wakati wa kukumbushana.

Sasa tuingie kwenye kitenzi chenyewe. Kichina kina neno moja, jiè, toni ya nne, ile ya kushuka kama unamkatalia mtu. Herufi yake 借 ina alama ya mtu upande wa kushoto, ila haikuambii huyo mtu anatoa au anapokea. Jiè ni kile kitendo cha kitu kuhama kwa muda kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, basi. Nani katoa nani kapokea, hilo linabebwa na maneno ya pembeni. Ukitaka kusema umempa unaongeza gěi, ambayo ni "kutoa, kumpa", wǒ jiè gěi tā liǎng qiān kuài, nimemkopesha elfu mbili. Ukitaka kusema umechukua kwake unatanguliza gēn au xiàng, wǒ gēn tā jiè le liǎng qiān kuài, nimekopa kwake elfu mbili. Ukiacha hivyo vyote ukasema tu wǒ jiè le tā liǎng qiān kuài, Wachina wenyewe watakuuliza, umempa au amekupa? Mtu akikwambia wǒ jiè nǐ uso kwa uso unaelewa anakukopesha, ila ni kwa sababu uko naye hapo.

Na hawa watu wanalijua hili tatizo kwenye lugha yao tangu zamani. Angalia hati za mkopo wanazoandikiana mtaani, wanaita jiètiáo, mtu aliyefundishwa vizuri haandiki "leo jiè fulani" akaishia hapo, anaandika jīn jièdào, na lile dào mwishoni linaonyesha kwamba kitu kimefika mkononi kwake, yani mwandikaji ndiye aliyepokea. Kiasi nacho wanakiandika kwa zile herufi nene za tarakimu, siyo za kawaida, kwa sababu moja ya kawaida ni mstari mmoja tu, ukiongeza mwingine inakuwa mbili. Halafu kuna mfano mmoja unatumika sana kuwafundisha watu uandishi wa hati, herufi 还 inasomeka huán ikiwa na maana ya kurudisha na inasomeka hái ikiwa na maana ya "bado". Sasa ukiandika fulani, halafu hiyo herufi, halafu qiànkuǎn yaani deni, halafu kiasi, mmoja atasoma "fulani amelipa deni la kiasi hiki" na mwingine atasoma "fulani bado anadaiwa kiasi hiki". Karatasi hiyo hiyo moja. Dada alinichorea hii mwenyewe kwenye daftari lake la oda, akaipigia mstari mara mbili.

Kwa hiyo usimwambie Mchina kwamba lugha yake haijali nani anamdai nani, inajali sana, ila imeweka hiyo kazi nje ya kitenzi. Kiingereza kimeiweka ndani ya kitenzi. Hapo ndipo tofauti yote ilipo, wala siyo suala la Mchina kutojua maana ya borrow. Ukimuuliza dada borrow ni nini anakujibu jiè. Ukimuuliza lend ni nini anakujibu jiè. Yuko sahihi mara zote mbili na bado atakosea, kwa sababu kamusi imempa jibu la kweli lisilomsaidia.

Halafu njoo kwetu, manake kaka wa Kariakoo naye hakukosea kwa uzembe. Sisi tuna azima. "Naomba kuazima kalamu yako", nachukua. "Naomba uniazime kalamu", unanipa. Kitenzi ni kile kile, anayebadilika ni mtu aliyewekwa mbele na yule ni- aliyejibana katikati. Kuna wanaosema azimisha, ni sahihi, ila mtaani utasikia zaidi niazime. Ndiyo maana "borrow me" inamtoka Mswahili kirahisi hivyo, ni uniazime imevaa nguo za Kiingereza. Lakini kwenye hela sisi hao hao tumeshika njia ya Kiingereza, kopa ni kuchukua na kopesha ni kutoa, upande umeingia kwenye kitenzi chenyewe kwa kile kimkia cha -esha. Na angalia jambo ambalo mi mwenyewe sikuwahi kulitazama mpaka siku nalieleza kwa Mchina, "ameniazima" wengi tunaelewa kanipa, "amenikopa" tunaelewa kachukua kwangu. Ni- ile ile, katikati pale pale, hela inakwenda upande mwingine. Mtoto wa Kiswahili hakosei hapo hata siku moja na hakuna aliyemfundisha.

Nilipomwonyesha dada hii ya kopa na kopesha ndipo macho yakafunguka, kuliko mara zote nilizomwambia "lend ni kutoa, borrow ni kuchukua". Aliuliza, kwa hiyo lend ni jiè iliyomeza gěi? Nikamwambia ndiyo, gěi imo tumboni, huwezi kuitoa. Na borrow ni jiè iliyomeza gēn. Kidogo nimkatize nimwambie si hivyo kiistoria, maana borrow ya zamani ya Waingereza ilitokana na neno la dhamana, rehani, na ndugu yake wa Kijerumani, borgen, mpaka leo anakwenda pande zote mbili kama jiè, lakini nikaona siyo wakati wake. Picha ya kumeza inafanya kazi, iache.

Halafu kuna sheria moja ambayo naiona ina nguvu kuliko maelezo yote, nayo ni ya kuangalia neno linalofuata. Baada ya borrow kinafuata kitu, mtu anakuja nyuma kabisa akiwa ameshikwa na from. I borrowed 2000 yuan from you. Ukiona mtu ameganda moja kwa moja baada ya borrow, borrow you, borrow me, borrow him, futa. Lend inapokea yeyote, lend you 2000, lend 2000 to you, zote sawa. Dada akaandika kwenye karatasi ya gundi akaibandika nyuma ya kikokotoo, borrow ikifuatiwa na alama ya kibanio, lend ikifuatiwa na kichwa cha mtu. Alichora kibanio vizuri sana, na meno yake yote.

Mazoezi tulifanya na hicho kikokotoo. Kila kinapovuka kaunta mmoja wetu anasema sentensi yake, mwenye kutoa anasema I lent you my calculator, mwenye kupokea anasema I borrowed your calculator, na hairuhusiwi kitu kuvuka kimya kimya. Mara ya kwanza anasema sawa, mara ya tano anasema sawa, mteja akiingia akitoka anarudi kwenye I borrow you. Nikagundua kuna jambo la masikio pia. Lend na lent kwake zilikuwa sauti moja, inaishia "len" tu, kwa sababu Kichina hakimalizii neno kwa sauti kama hizo mbili zimebanana, na kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati uliopita, kinaongezewa le maisha yanaendelea. Kwa hiyo neno ambalo alikuwa na uhakika nalo mdomoni ni borrow, lina sauti nzima mwanzo mpaka mwisho, na ukiwa na mteja mbele yako unashika neno unaloliamini. Mwalimu anaona kosa la maana, kumbe nusu yake ni woga wa kutamka. Tukakaa na lent peke yake siku mbili, ile t ya mwisho naisikia au siisikii, mpaka ikatoka.

Lakini bado nilikuwa na swali ambalo lilikuwa linanisumbua. Sawa, meseji ya kwanza ilisomeka vibaya na kaka. Jibu la kaka je? "Give my agent, he will keep for me." Hapo hakuna borrow, hakuna kosa kubwa, anasema mpe wakala wangu atanitunzia. Dada alipataje ndani yake habari ya kukopeshwa tena?

Jibu lilitoka shule. Ukiongea na Mchina yeyote aliyesoma Kiingereza sekondari ya chini, mwambie maneno matatu, borrow, lend, keep, atakuitikia kama mtu anayesikia wimbo wa darasani. Ni swali la mtihani la miaka yote. How long can I dash the book, halafu unapewa machaguo, na jibu ni keep. Wanafundishwa kwamba borrow ni kitendo cha mara moja, kama kupiga chafya, huwezi kukipa urefu wa muda, kwa hiyo ukitaka kusema umekaa na kitabu cha kuazima wiki mbili unasema I have kept it for two weeks. Kama sheria ya mtihani inaeleweka, ingawa Waingereza wenyewe wanasema how long can I borrow it for bila wasiwasi. Shida ni kinachobaki kichwani miaka kumi baadaye. Kwa dada, keep haikubaki kama "kutunza", ilibaki kama mdogo wake borrow, ni kuazima kwa muda mrefu. Kwa hiyo alisoma, mpe wakala wangu, ataazima kwa niaba yangu. Na Kichina kwenye "ataazima" kingetumia jiè hiyo hiyo. Baada ya kuelewa hilo nilimheshimu zaidi kwa kunyamaza siku mbili, mwingine angetukana.

Hiyo keep naiona ni ya kusikitisha kuliko borrow, kwa sababu borrow angalau ni kosa ambalo kila mwalimu analijua na anaweza kulisahihisha, wakati ya keep ilipandwa na somo lenyewe, somo la kumwepusha mtoto na kosa la borrow. Walimtibu huku wakamuumiza kule. Na hakuna mtihani ungeweza kuligundua, manake kwenye mtihani keep ilimpa maksi.

Mengine ya jiè niyapitie haraka. Mchina anaweza kukuuliza "Can I borrow your toilet?" akiwa na adabu zote, kwa sababu kwao kuna jièyòng, kuazima-kutumia, na choo kinaazimwa vizuri tu. Kwenye Kiingereza kitu kisichoondoka mahali pake kinatumiwa, can I use. Kuna jièguāng, kuazima mwanga, ambayo ukiwa Beijing mtu anakwambia akitaka umpishe njia. Kuna jièkǒu, kuazima mdomo, ndiyo kisingizio. Kuna jiècí, neno la kuazima, kama chai yetu ambayo mizizi yake imeanzia kwao. Na kuna ile methali yao naipenda sana, yǒu jiè yǒu huán, zài jiè bù nán, palipo na kuazima na kurudisha, kuazima tena si shida. Na ya upande wa pili yake, Liu Bei ameazima Jingzhou, wanaitumia kwa mtu ambaye akichukua harudishi, Liu Bei yule wa enzi za Falme Tatu. Dada alikuwa ameanza kumwita kaka wa Kariakoo Liu Bei. Alinikiri hilo baadaye na aliona aibu.

Kiingereza nacho kisijione. Dada alinikamata siku moja na rent. Alimwambia mteja "I rent this shop", mteja akaelewa yeye ndiye mwenye duka anapangisha, kumbe yeye ndiye mpangaji, pale Yiwu wengi wanapanga kwa mtu mwenye haki ya chumba. Akanigeukia, mbona hapa Kiingereza hakijaweka upande ndani ya kitenzi? Kweli, rent inakwenda kote kote, na inabidi uongeze out au from kusafisha, sawasawa na gěi na gēn. Sisi tuna panga na pangisha, kodi na kodisha, kwenye hili Kiswahili kimenyooka kuliko Kiingereza na Kichina. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia ndivyo ilivyo.

Turudi kwenye hela. Nilipoelewa pande zote mbili sikutaka kuwapigia simu nikawaambia mmekosana kwa neno, nilitaka waandike wenyewe, manake maandishi ndiyo yaliyowavuruga. Kwanza nikamuuliza dada habari ya advansi, akafungua daftari, kweli ipo, kartoni iliyokosa rangi, 1,840. Hakuwa ameificha, kwake hiyo ilikuwa hesabu nyingine kabisa, advansi ni dìngjīn na inasubiri oda ijayo, jiè ni jiè, vitu viwili havikai ukurasa mmoja. Kaka naye nikamuuliza kwa Kiswahili bila kuzunguka, kaka, ile jumapili ya treni ulikopa kwa dada? Kimya kidogo. Halafu akasema, "Aisee. Elfu mbili ya dereva. Mi nilijua alikata kwenye advansi."

Dada akaandika mara tatu, akafuta mara mbili. Alianza na "You owe me", nikamwambia kiusahihi hakuna kosa ila kwa mteja wa miaka mitatu ni kali, inafika kama mkono wa shati umekunjwa. Meseji iliyokwenda ni hii: "Brother, on 28 October I lent you 2000 yuan cash. You also have 1840 yuan deposit in my shop. So please pay me back 160. Next time you come is OK." Angalia kwamba siyo lent peke yake inayofanya kazi pale. Kuna tarehe, kuna cash, kuna pay me back, hata mtu akichanganya kitenzi kimoja vingine vinamshika mkono. Na neno keep nilimwomba aliache kabisa kwenye mambo ya hela mpaka tulifanyie kazi upya, tukalianza kama neno geni, keep the receipt, keep the change, keep this for me, kila moja na kitu mkononi.

Kaka akajibu dakika hiyo hiyo: "Sorry sister. Yes I borrowed from you. I come in March." From ikiwa mahali pake. Sikumfundisha yeye, ameisoma tu kwenye meseji yenyewe akaona sentensi inavyokwenda.

Machi akaja. Kabla hajaangalia sampuli hata moja aliweka noti mbili za mia kwenye kaunta, dada akamrudishia arobaini, akafungua daftari ukurasa wa Oktoba akachora mstari juu ya ile jiè na pembeni akaandika huán, na tarehe. Chini yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, akaongeza "he paid me back 160", akanigeuzia daftari kuniuliza kama paid inaandikwa hivyo.